Sakafu ya Ma Anatolia

Kwa miaka mitatu watu wa mtaa ule wa Kashai, mjini Bukoba, waliitazama Sebule kutoka ng'ambo ya barabara, na kwa miaka mitatu Judica alijiuliza watu hawa wana nini.

Sebule ilikuwa chumba kimoja kikubwa, zamani ghala la kahawa, chenye kuta za chokaa nyeupe na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Ukutani kulitundikwa picha. Kwenye kona palikuwa na jukwaa la mbao la ngoma na maigizo, dogo kiasi kwamba mchezaji akiruka sana anaangukia watazamaji. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi palikuwa na shughuli: siku ya kuchora, siku ya kusoma hadithi, siku ya ngoma, siku ya kufinyanga. Zote alizipanga Judica. Alikuwa na shahada ya sanaa kutoka Dar es Salaam, na kama inavyojulikana, Mhaya akisoma hasahau kukukumbusha. Lakini huyu shahada yake aliitia kwenye droo, akashika ndoo na brashi ya chokaa. Kazi haikumtisha.

Tatizo ni kwamba waliokuja walitoka mbali. Walikuja wanafunzi wa uuguzi, walimu wa sekondari, vijana wa kujitolea kutoka Ulaya waliopiga picha kila kitu hadi bomba la maji. Watu wa mtaa wenyewe walibaki ng'ambo, penye jiko la Adventina, mama mnene mchangamfu anayechoma ndizi na samaki, kando ya meza ya Eliud fundi viatu, ambaye mguu wake wa kushoto aliuburuta tangu ajali ya pikipiki. Pale walisimama, wanatafuna, wanatazama. Judica alikuwa akitoka mlangoni na kuwapungia: "Karibuni ndani jamani!" Nao walijibu kwa adabu isiyo na dosari, "Tumeshakaribia, dada. Tunaona hapa hapa."

Hilo "hapa hapa" lilimkereketa Judica kuliko tusi. Tusi ungeweza kulijibu.

Nyumba ilikuwa ya Ta Kyaruzi, yaani Mzee Kyaruzi, mfanyabiashara wa samaki. Alianza kama mvuvi kwenye visiwa vya Muleba, akapanda polepole, sasa ana malori. Hakuwa mtu mbaya, na atakayesema vinginevyo amwogope Mungu. Chumba alikitoa bure, kwa sharti moja tu: kiwe cha watu wa mtaa. Mwezi wa tisa aliingia akasimama katikati, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Binti yangu, nikuulize. Adventina amewahi kuingia humu?"

"Hapana, Ta."

"Eliud je?"

"Hapana, Ta. Lakini huwa wanatazama."

"Hata mbuzi hutazama." Hakusema kwa hasira, aliongea kama anayepima samaki. "Nilisema chumba cha mtaa. Hiki ni chumba cha wapita njia. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa tano asubuhi, nitapita. Nikiwakuta watu wa mtaa ndani, wameketi, si kuchungulia, chumba ni chenu. Nisipowakuta, Jumatatu mafundi wanaleta majokofu ya samaki. Usinielewe vibaya."

Judica alimwelewa vizuri kabisa, ndiyo maana alilia. Alilia jioni nzima. Siku ya pili akanawa uso, akapanda gari kwenda Muleba kwa baba yake, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mtu asiyejua lolote kuhusu sanaa lakini aliyehudhuria arusi na misiba mingi kuliko mtu yeyote ambaye Judica alimfahamu.

Mzee alimsikiliza, akafikiri, akasema, "Kuna mama mmoja kijijini Izimbya. Anatolia. Anatandika nyasi."

"Baba, kila mtu alitandika nyasi."

"Kila mtu alitandika. Yule anatandika."

Ni kweli kwamba kila mtu alitandika. Zamani nyumba ya Mhaya haikuwa na zulia wala mkeka wa plastiki. Sakafu ilifunikwa nyasi laini zilizokatwa kule rweya, kwenye uwanda wa majani nje ya vibanja vya migomba, na mgeni akija, zilitandikwa mpya. Leo watoto wakipata hela huko Dar na Mwanza wanarudi Krismasi kuwawekea wazazi vigae. Ndivyo wana wa Ma Anatolia walivyofanya. Judica alimkuta kule Izimbya amekaa nje ya nyumba yake nzuri, kwenye benchi, uso umenuna.

"Ingia uone," alisema bibi baada ya salamu. "Ingia tu. Vinateleza kama kambare. Natembea nimeshika ukuta kama mlevi, nyumbani kwangu mwenyewe. Wanangu wana upendo, ila akili waliiacha kwenye gari."

Judica alieleza shida yake. Alieleza kuhusu maonesho, kuhusu urithi wa jamii, kuhusu mapambo ya sakafu kama sanaa ya wanawake. Bibi alimwacha amalize, kama unavyomwacha mtoto amalize kuhesabu mpaka mia.

"Wageni ni wangapi?" akauliza.

"Sijui, Ma. Labda wengi."

"Hatutandiki kwa labda. Niambie idadi."

"Hamsini," Judica alisema, akaona aibu mara moja, kwa maana hamsini hawakuwahi kufika hata siku ya ngoma.

"Hamsini," bibi alirudia. Kitu fulani kikapita usoni mwake, na Judica akaona kwamba yule mama alikuwa hajaulizwa swali la namna hiyo kwa muda mrefu mno. "Basi nipe wiki tatu. Na usije kunisumbua."

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ya Ta Kyaruzi, gari la mizigo lilimleta pamoja na marundo yake. Kulikuwa na nyasi mbichi za rweya, zimefungwa matita, bado zina umande. Na kulikuwa na mafurushi mengine, mazito, yamefungwa ndani ya majani makavu ya migomba na kukazwa kwa kamba. Judica alitaka kuyafungua. Alipigwa kofi la mkono, la polepole lakini kofi.

"Mpishi hachunguliwi sufuria."

Ma Anatolia alikitazama chumba, akasema ni kama hospitali, akaagiza sakafu ioshwe mara mbili. Kisha alivua kandambili zake, akaweka kanga kiunoni, akafunga mlango kwa ndani. Siku mbili mlango ule haukufunguliwa ila kwa chai, na hata chai ilipokelewa kwa mkono mmoja kupitia mwanya, ikifuatiwa na malalamiko kwamba sukari ni ya kupima. Kutoka ndani ilisikika mikwaruzo, mabua yakivunjwa, mtu akiimba wimbo wa kanisa kwa pua. Ng'ambo ya barabara habari zilienea. Kuna bibi amefungiwa humo, walisema. Hapana, amejifungia mwenyewe. Anafanya nini? Anafuma. Anafuma nini? Hakuna aliyejua, na Adventina aliuza ndizi mara mbili ya kawaida.

Ijumaa jioni mlango ulifunguliwa. Judica aliingiza kichwa.

Aliona nyasi.

Zilikuwa nyasi nzuri, sina budi kusema. Zilijaa ukuta hadi ukuta, kijani, laini, zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Harufu yake ilijaza koo. Lakini zilikuwa nyasi tupu. Judica alikuwa amebandika matangazo mji mzima: MAPAMBO YA SAKAFU YA KIHAYA. Alitafuta pambo kwa macho, kona hadi kona, hakuliona.

"Ma Anatolia," alisema taratibu, "mapambo yako wapi?"

"Kazi bado haijaisha."

"Itaisha lini? Ni kesho!"

"Kesho itaisha." Bibi alikuwa amechoka, magoti yake yamevimba, na hakuwa na hamu ya mtihani wa mdomo. Alichukua kandambili zake, akaenda kulala kwa jamaa yake, mtaa wa Rwamishenye.

Hapo ndipo Judica alipofanya kosa, na alifanya kwa nia njema, kama makosa mengi makubwa. Alijiambia: pambo halipo, basi walau usafi uwepo. Ta Kyaruzi akute kazi nadhifu, haijavurugwa, aone kwamba mahali hapa panaheshimiwa. Aliwahi kufanya mafunzo katika jumba la makumbusho na alijua kazi ya sanaa inavyolindwa. Akachukua utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe, wa kuzungushia barabara zinazochimbwa, akaukatiza mlangoni kutoka fremu hadi fremu. Akachapa karatasi, akaibandika: TAFADHALI USIKANYAGE KAZI YA SANAA. Kisha akalala kwa amani.

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilinyesha, ile ya Bukoba isiyoomba ruhusa, ikakatika ghafla kama ilivyoanza. Saa mbili Ma Anatolia alifika amevaa gauni la kanisani, akapita mlango wa nyuma, akaketi kwenye kigoda chake hapo hapo mwishoni mwa chumba, pasipo kukanyaga nyasi. Kando yake aliweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumpa mgeni kwanza kabla ya maneno. Akakunja mikono. Akasubiri.

Saa tatu watu walianza kukusanyika penye jiko la Adventina, wengi kuliko siku zote. Adventina mwenyewe alivuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na moyo wa Judica ukaruka. Lakini alifika mlangoni tu. Akasoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Nyasi zisizokanyagwa! Bojo, jamani, Judica, hizo ni za ng'ombe."

Akarudi jikoni kwake, na wengine wote wakabaki naye. Saa tatu na nusu ikapita. Saa nne ikafika. Judica alisimama mlangoni na kitabu chake cha wageni mkononi, kalamu imefungwa kwa uzi, kama alivyosimama Jumamosi zote za miaka mitatu. Ndani, mwisho wa kijani kile chote, bibi mmoja aliyevaa gauni la kanisani alikuwa ameketi peke yake.

"Judica." Sauti haikuwa kubwa. "Ule utepe ni wa nini?"

"Ni wa kulinda kazi yako, Ma. Wasije wakaikanyaga."

Kisha bibi aliongea, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

"Ninyi mmesoma mpaka mkapitiliza. Nimekaa humu tangu saa mbili kama maiti inayosubiri kuagwa. Nimetandika kwa ajili ya watu hamsini. Ulisema hamsini! Mimi sijawahi kutandika nikakosa mgeni, hata mwaka wa njaa sijawahi. Leo watu wamesimama pale, nawaona, wananiona, na wewe umewafungia mlango kwa kamba."

"Ma, saa tano Ta Kyaruzi anakuja. Akikuta zimevurugika..."

"Nyasi hazivurugiki. Zinalala. Nilikwambia kazi haijaisha. Nani ataimaliza? Wewe na karatasi yako?"

Judica alitazama saa ya simu. Saa nne na robo. Akatazama sakafu, kijani, kamili, haina alama hata moja. Kama ataondoa utepe na wasiingie, atakuwa hana watu. Kama wakiingia, atakuwa na nyasi zilizopondwapondwa, zizi, mbele ya mtu aliyekuja kuona kama chumba kina maana. Haya, majokofu na yaje, alijisemea, lakini mama huyu hatakaa peke yake dakika nyingine. Alitafuta mkasi, hakuuona, akaukata utepe kwa meno. Karatasi akaichana vipande vinne.

Akageuka kuwaita watu, lakini bibi alimtangulia. Ma Anatolia aliita kwa Kihaya, bila kusimama, kwa sauti ya mtu aliyezoea kumwita jirani kutoka ng'ambo ya bonde. Hakusema karibuni. Alisema: nimewatandikia nyasi, mnaniaibisha kwa nini?

Ng'ambo ya barabara maongezi yalikatika.

Ili uelewe kilichotokea, lazima ujue jambo moja. Ukuta mweupe unaweza kuukataa. Picha unaweza kuitazama ukiwa mbali, ngoma unaweza kuisikia ukiwa barabarani, na hakuna atakayekulaumu. Lakini mama mzee akikutandikia nyasi, akataja kwamba amekutandikia wewe, kisha ukabaki nje, utajitetea kwa nani? Hata kama hukulelewa vizuri, utaogopa waliolelewa wasikuone.

Adventina aliweka koleo la jiko chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaivua aproni, akavuka. Mlangoni alivua ndala zake, akaziweka kando ya ukuta, sambamba. Alimpita Judica bila kumtazama. Akainua unyayo wake wa kulia, mpana, wenye nyufa za miaka ya kusimama, akakanyaga.

Akasimama hapo hapo.

"Mawe!" alisema, ambayo kwa Kihaya ni "mama yangu!"

Judica aliinama kutazama. Pale mguu ulipokanyaga, nyasi laini zilizama, zikaingia chini, na kutoka katikati yake yalijitokeza mabua. Mabua yaliyosokotwa, manene kama kidole, ya rangi ya asali na ya rangi nyeusi tii, yamepangwa kwa pembe kali, moja ndani ya nyingine. Yalikuwa chini muda wote. Adventina alipiga hatua ya pili, na pembe zikaendelea. Ya tatu, na mstari ukakunja. Alikuwa anatembea, na nyuma yake pambo lilikuwa linazaliwa.

Ndiyo yale mafurushi mazito. Wiki tatu Ma Anatolia alisokota mabua, nusu yake akiyalaza kwenye tope jeusi la bondeni mpaka yakashika rangi. Siku mbili aliyapanga sakafuni kwa magoti. Kisha akayafunika yote kwa nyasi laini ili pasiwe na kitu cha kuonekana mpaka atakapokuja mtu wa kukionesha. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na mama wa mama yake. Haikuwa kazi ya Wahaya wote. Ilikuwa ya nyumba moja, na katika nyumba ile alikuwa amebaki mmoja.

Eliud aliingia wa pili. Mguu wake mzima ulikanyaga kama wa mtu yeyote, lakini ule wa kushoto, ule anaouburuta, ule ambao watoto huuigiza nyuma yake, ulichora. Ulifungua njia ndefu isiyokatika kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba, na ndani ya njia ile pambo lilionekana zima, kila pembe, kila msuko, bila pengo. Hakuna mguu mwingine ulioonesha vile siku ile. Eliud aligeuka akaona alichokifanya. Aliutazama mguu wake, kisha njia, kisha mguu tena.

"Huyo hapo," Ma Anatolia alisema kutoka kwenye kigoda. "Huyo ndiye fundi. Endelea, baba, usisimame. Kule kona bado."

Baada ya hapo hakuna aliyeitwa tena. Walikuja wenyewe: wauza nyanya, bodaboda na makoti yao ya mvua, kinamama wa kwaya ya Kilutheri waliokuwa njiani kwenda mazoezini, wavuvi wawili waliotoka Muleba na mzigo wa dagaa na waliosimama tu kula ndizi, mwenyekiti wa mtaa, mapacha wa kinyozi. Walivua viatu nje. Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja akishaingia alinyamaza. Sijui nieleze vipi ule unyamavu. Haukuwa wa msiba wala wa ibada, ingawa ulikaribia ibada. Watu wale wanaopiga kelele kutwa, wanaouza kwa kelele na kupendana kwa kelele, walitembea polepole wakitazama nyayo zao wenyewe, kama watu walioambiwa sasa hivi kwamba wana miguu.

Na sakafu iliendelea kufunguka. Aliyekanyaga kando ya dirisha alifungua mfululizo wa pembetatu nyeusi. Aliyekwenda kumsalimu bibi alifungua njia ya salamu, na kwa kuwa kila mtu alikwenda kumsalimu, mmoja baada ya mwingine, wakipiga goti na kusema "Kasinge waitu," pale mbele ya kigoda nyasi zilizama kabisa, na likatokea duara kubwa la asali na weusi lililozunguka na kuzunguka kuelekea ndani hadi jicho likazunguka nalo. Kila mmoja alipewa punje ya kahawa ya kutafuna. Kila mmoja alikwenda kuketi, na pale alipoketi akaacha umbo lake. Kwa namna watu walivyopishana, walivyosogezana, walivyomwachia mzee nafasi na kumvuta mtoto mapajani, sakafu ile iliandika yote. Mtu angeweza kuisoma kesho yake akajua nani alikaribiana na nani.

Mama mmoja wa kwaya alikuwa analia waziwazi, bila leso. "Nilizaliwa kwenye nyasi," alisema, "nimecheza kwenye nyasi. Sikujua zinaweza hivi." Hakuna aliyejua. Nyasi wote walizijua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo hili. Judica, aliyefundishwa sanaa miaka mitatu chuoni kwa picha za ukutani na maneno marefu, alihisi nywele za mikono zinamsimama. Alikuwa amelifunga jambo hili kwa utepe wa barabarani. Alikuwa ameliita limekwisha kabla halijaanza. Aibu na furaha vilimjia pamoja, akashindwa kuvitenganisha, akabaki ameegemea fremu ya mlango na kitabu cha wageni kifuani.

"Bado sehemu moja," Ma Anatolia alisema.

Watu waligeuka. Chumba chote kilikuwa kimefunguka, ukuta hadi ukuta, isipokuwa kipande karibu na mlango, upande wa kulia, pale waingiaji wote walipopinda ili wasimgonge mtu aliyesimama. Kipande kile kilikuwa bado kijani. Kilikuwa na upana wa mtu mmoja.

"Nani hajaingia?" bibi aliuliza.

Judica alitazama nyuma yake, kama mjinga, kuona anasemwa nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kisha akatazama miguu yake. Ilikuwa ndani ya viatu, na viatu vilikuwa juu ya kizingiti, na vimekuwa pale tangu asubuhi. Vimekuwa pale kwa miaka mitatu.

"Mimi nipo, Ma," alisema. "Mimi ndiye niliyewakaribisha."

"Umekaribisha ukiwa nje?" Ma Anatolia hakuwa na hasira tena, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Binti yangu, mwenye nyumba hupokea akiwa ndani. Mimi nikifika mlangoni kwako nikakukuta na wewe umesimama mlangoni, nitajuaje kama kwako kunaingilika?"

Adventina aliguna. "Ndicho tulichokuwa tunasema pale kila siku. Mwenyewe haingii, sisi tuingie kwa nani?"

Lilisemwa bila ubaya, na lilimchoma Judica hadi mfupani kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amewapungia mkono. Alikuwa amewapa vipeperushi. Hakuwahi hata siku moja kuketi ndani ya chumba kile kama mtu aliye kwake. Aliweka kitabu cha wageni chini, nje, juu ya saruji yenye maji ya mvua. Akavua viatu. Fundo la kamba lilikataa kufunguka, na watu karibu sitini walimsubiri.

Akakanyaga.

Nyasi zilikuwa baridi. Zilikuwa na maji kidogo, zikakubali uzito wake, zikashuka. Kisha chini ya unyayo akahisi misokoto inapanda, migumu, hai, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba sakafu nayo ilikuwa inamkanyaga. Alipiga hatua moja zaidi. Kipande cha mwisho kikafunguka, zile pembe nyeusi zikaungana na za upande wa pili, na mstari uliozunguka chumba kizima ukakutana na mwanzo wake. Pumzi ilisikika chumbani, moja, ya watu wote. Ma Anatolia alifumba macho.

"Imeisha," alisema.

Judica aliketi chini, kati ya Adventina na mvuvi mmoja asiyemjua. Walimsogezea nafasi. Alikuwa ameisahau saa, amemsahau Ta Kyaruzi, na hakuna aliyesikia gari likisimama barabarani.

Walisikia hatua, kisha hatua zikakoma.

Ta Kyaruzi alikuwa amesimama nje ya mlango, mikono nyuma, mbele ya viatu. Vilikuwa vimejaa ukutani na kumwagika hadi barabarani: ndala, makubadhi, buti za mvua, viatu vya kanisani, vingine Eliud aliwahi kuvishona mara nne. Alivitazama kwa muda mrefu, mtu yule aliyezoea kuhesabu mzigo kwa macho. Kisha akainua uso, akaona ndani. Akaona watu. Akaona walichokalia. Mikono yake ikatoka nyuma taratibu, ikaning'inia.

Funguo za mlango ule zilikuwa mfukoni mwake. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina lake. Wala hakuvuka kizingiti.

"Hodi," alisema Ta Kyaruzi.

Vinywa vingi vilifunguka kumjibu. Ma Anatolia aliinua mkono mmoja tu, vikafunga. Wakamwachia Judica.

Judica alijisogeza kumpisha nafasi.

"Karibu, Ta," alisema kutoka pale alipoketi. "Karibu ndani."

Ta Kyaruzi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.